Ule wekundu wa kwenye mwamba si kitu kimoja

Kama kuna kundi la mwani limenifunza kukaa kimya kabla ya kutaja jina basi ni huu mwani mwekundu wa ukoko, ule unaojibandika kwenye mwamba mpaka mtu anapita juu yake akijua ni rangi ya jiwe lenyewe. Hauna jani, hauna tawi, hauyumbi na maji. Mwani mwingine ukiuokota unakupa kitu cha kushika, unaangalia umbo, unaangalia vitawi, unafungua kitabu, lakini huu wa ukoko unakupa doa tu, na doa la pembeni linafanana nalo kwa kila kitu halafu kumbe hayana hata undugu wa karibu. Nimeufuatilia kwa miaka sasa, maji yakipwa nashuka na lenzi na patasi, na ninachoweza kukwambia bila kusita ni kwamba kazi sio kukariri majina mengi, kazi ni kujua ushahidi ulio nao mkononi unakufikisha wapi na hapo ndo unasimama, hata kama ni kwenye oda tu, yaani lile kundi kubwa lililo juu ya familia na jenasi.

Tuanze na rangi maana kila mtu anaanza nayo. Haisaidii. Yaani inakwambia hapa kuna mwani, basi, baada ya hapo inaanza kukuzungusha. Ule wekundu unatokana na fikoerithrini, kemikali ya rangi inayonasa mwanga, na mmea unaitengeneza kwa wingi au uchache kulingana na mwanga unaoupata, kwa hiyo mmea mmoja, doa moja lisilokatika, unalikuta upande wa uvunguni mwa jiwe ni zambarau iliyokolea na upande unaochomwa na jua umepauka umekuwa njano njano karibu na nyeupe. Ukipiga picha pande zote mbili ukampa mtu asiyekuwepo atakwambia ni spishi mbili. Afu ukikauka kwenye bahasha unabadilika tena. Na uwezo wake wa kutumia mwanga kiduchu unashangaza kwa kweli, mwaka 1984 watafiti waliozama na chombo cha chini ya bahari huko Bahamas walikuta mwani mwekundu wa ukoko wenye chokaa ukiishi mita 268 chini, mahali panapofika kama asilimia 0.0005 tu ya mwanga wa juu. Kitu chenye uwezo wa namna hiyo rangi yake itakuwa inafuata mazingira.

Rangi ukishaiweka pembeni, swali linalofuata ni chokaa ipo au haipo. Hapa wengi wanafundishwa dondoshea siki, ikichemka povu basi ni mwani wa chokaa, isipochemka sio. Ni kweli, ila fanya hivyo kwa akili. Ukidondoshea pale pale kwenye mwamba na mwamba wenyewe ni wa chokaa, povu litatoka hata kama juu yake unachokitazama ni kitu laini kabisa, tena chini ya ukoko mara nyingi kuna magamba ya zamani na vijumba vya minyoo ambavyo navyo ni chokaa. Mi nabandua kipande kidogo kwanza, nakiosha, nakiweka kwenye kisahani, nadondoshea juu, naangalia na lenzi povu linatokea sehemu gani, afu nakigeuza nadondoshea chini. Hiyo ya kugeuza watu wengi wanairuka na ndo yenye utamu, maana kuna jenasi ya Peyssonnelia ambayo spishi zake nyingi zinaweka chokaa upande wa chini tu, juu ni nyama ya kawaida. Ukijaribu juu peke yake inakujibu hapana, ukigeuza inakujibu ndiyo.

Hiyo Peyssonnelia bahati nzuri ina tabia nyingine ya kuitambulisha hapo hapo ufukweni. Ingiza ncha ya kisu ukingoni, mara nyingi inanyanyuka kama kipande, haivunjiki vunjiki unga, na chini yake ukipiga lenzi unaona vinyweleo vifupi vinavyoishikilia kwenye jiwe. Juu unaweza kuona mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni na mingine ya duara. Jenasi imepewa jina la daktari wa Kifaransa, Jean-André Peyssonnel, yule ambaye kwenye miaka ya 1720 alishikilia kwamba yale yaliyoitwa maua ya marijani ni wanyama, wakati wakubwa wa sayansi hawakutaka hata kumsikia. Mtu aliyewatoa matumbawe kwenye mimea, jina lake limekaa kwenye mmea. Mi napenda sana hiyo.

Wasio na chokaa kabisa ndo nawaogopa, na sioni aibu kusema. Hapo kuna Hildenbrandia, ukoko mwembamba mno, laini, wekundu wa damu iliyoganda, umeng'ang'ania jiwe mpaka kisu hakitoi kipande, kinatoa vumbi jekundu. Ukiupiga lenzi ukiwa na maji maji unaona vishimo vidogo vidogo juu yake, humo ndimo spora zinatengenezwa. Kila mmea wa kundi hili tunaoujua unazaa bila jinsia, hakuna aliyewahi kuonyesha dume na jike. Kuna na ndugu yake wa maji baridi, Hildenbrandia rivularis, anakaa kwenye mawe ya vijito vyenye kivuli, kwa hiyo ukiona wekundu wa namna hiyo mtoni usidhani umeota.

Pembeni yake, kwenye miamba ya bahari za baridi za kaskazini, unakuta ukoko mwingine mnene zaidi, mweusi mweusi ukiwa mkavu, ukilowana unateleza na ukiubonyeza kwa kucha unahisi kama mpira. Huu zamani uliandikwa kama jenasi inayojitegemea, Petrocelis, vitabu vikaupa ukurasa wake na watu wakauweka kwenye makabati yao kwa jina hilo. Kwenye miaka ya 1970 watu wakaotesha spora zake maabara wakapata kitu kingine kabisa, mwani uliosimama wenye matawi bapa na vipele, Mastocarpus. Kumbe ni mmea mmoja, kizazi kimoja kinalala kinakuwa ukoko na kizazi kinachofuata kinasimama. Majina mawili kwa kiumbe kimoja kwa muda wote huo, na hakuna aliyekuwa mvivu, ni kwamba ukiviangalia kwa macho hakuna kitu kinachokwambia vinahusiana.

Kutenganisha ukoko huu na ule wa Hildenbrandia natumia njia rahisi ambayo haihitaji mashine ya bei mbaya. Kwangua kidogo kwa wembe, weka kwenye kioo na tone la maji, funika, afu gonga gonga kwa nyuma ya penseli. Ukoko wa Mastocarpus umejengwa na nyuzi zilizosimama kwenye ute laini, kwa hiyo ukigonga zinaachana zinajitandaza unaziona moja moja, na ukibahatika unaona spora zimekaa katikati ya uzi, sio kwenye ncha. Hildenbrandia unaigonga wee, inabaki vipande vya ukuta wa seli zilizoshikana. Na hapo hapo kwenye hadubini utagundua kama umechukua kitu ambacho hata sio mwani mwekundu, maana Ralfsia ni mwani wa kahawia na unakaa vile vile, laikeni nyeusi za juu juu zinakaa vile vile, sifongo wekundu nao wapo, wale unawajua kwa kuwagusa na kwa vitundu vyao vya kupitishia maji.

Sasa wale wa chokaa kamili, korali-mwani kama wengine wanavyowaita. Hawa ndo wengi na ndo wanaopaka ule waridi unaouona kwenye madimbwi na chini ya mwani mkubwa. Kitu cha kwanza mtu anataka kutumia ni umbo, huu una vinundu, ule ni bapa, ule una vijani vinavyopandana. Mwaka 1993 Woelkerling na wenzake, wataalamu wa mwani huu, walikaa wakapanga maneno, wakatoa maumbo 10 ili watu waache kuelezana kwa mashairi, na ni msaada mkubwa maana ukisema ukoko wa vipele na mimi nikisema ukoko wa vipele tunamaanisha kitu kimoja. Lakini hao hao wanakwambia maumbo yanaingiliana, hayana mpaka, na spishi moja inaweza kuwa na umbo zaidi ya moja kutegemea mawimbi, walaji na jiwe lililopo chini. Kwa hiyo umbo naliandika kwenye daftari kama maelezo, silipi kazi ya kutaja jina. Tena kuna mtego hapo, ile mwani ya chokaa yenye vijiti vyenye maungio, Corallina na wenzake, nayo inaanza maisha kama ukoko na inabaki na kitako cha ukoko. Vijiti vikishaliwa au kung'olewa na mawimbi kinabaki kitako tu, waridi, kizuri, kinakusubiri ukikosee jina.

Kitu kinachosema ukweli ni vyumba vya uzazi. Kitaalamu vinaitwa konseptakulo, kwa macho ni vipele vidogo juu ya ukoko, vingi havifiki hata milimita moja kwa upana, saa ingine vimeinuka, saa ingine viko sawa na uso wa ukoko. Dada mmoja niliyekuwa nashuka naye, yeye kaanza haya mambo kabla yangu, ukimwita uje uone ukoko mzuri swali lake lilikuwa moja tu, "Paa umeliona?" Usipokuwa umeliona paa la kipele hageuki. Nilikuwa naona ananibania, sasa na mimi nawafanyia hivyo hivyo wanaonifuata.

Maana yake ni hii. Chukua lenzi ya mara 10, ikiwa ya mara 20 vizuri zaidi, kausha kipande kidogo kwa kitambaa kwa sababu filamu ya maji inang'aa na kuficha, elekeza mwanga kutoka ubavuni usitoke juu, afu angalia paa la kipele. Ukiona tundu moja katikati ni habari moja, ukiona paa limetobolewa vitundu vingi kama kifuniko cha kinyunyizio cha chumvi ni habari nyingine. Vitundu vingi vinakwambia hicho ni chumba cha spora zisizo za jinsia na mmea ni wa oda ya Hapalidiales, watu wa Lithothamnion, Phymatolithon, Mesophyllum. Hapo unaweza kuandika kwa wino. Lakini tundu moja, hapo taratibu! Ndugu zetu wa oda nyingine, Corallinales, vyumba vyao vyote vina tundu moja, ni sawa, ila na hao Hapalidiales vyumba vyao vya dume na jike navyo vina tundu moja. Umeona balaa lake? Ukikuta mmea una tundu moja moja unaweza kuwa umekuta Corallinales, au umekuta Hapalidiales wa kiume, au wa kike. Vitundu vingi ni jibu, tundu moja ni swali. Mpaka upasue chumba uone ndani kuna spora zilizogawanyika nne nne ndo useme. Na kuna wa tatu, Sporolithon, yeye hana chumba cha pamoja, kila kifuko cha spora kina kijichumba chake na vimejipanga kwa mafungu, ukiangalia juu unaona kama kiraka chenye vitobo vingi, mtu mwenye haraka anampeleka kwa Hapalidiales. Oda yake ilitengwa mwaka 2010, na hiyo Hapalidiales yenyewe ilitambuliwa kama oda mwaka 2015, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo kitakuwekea wote kwenye oda moja na sio kwamba kimekosea, ndo ilivyokuwa.

Shida ni kwamba vyumba havipo muda wote. Vingine ni vya msimu, vikiisha kazi paa linabomoka linabaki shimo, au mmea unaendelea kukua unavizika ndani. Ukienda ukakuta uso uko mtupu hamna namna, unaandika mwani wa chokaa wa ukoko, hauna vyumba, unafunga daftari. Nimejifunza kutoumia na hilo.

Ukitaka kwenda mbele zaidi lazima uingie ndani ya ukoko. Kipande kikavu ukikivunja vizuri unaona mengi hata kabla ya kupaka rangi ya maabara, ila kivunje kwa kufuata mwelekeo wa kukua, yaani mpasuko uelekee ukingoni, usikatishe. Ukikatisha seli zote zinaonekana duara duara na hujui lipi ni tabaka la chini lipi ni la juu. Ukivunja sawa unaona chini kama kuna safu moja tu ya seli zilizolala au kuna bunda zima la nyuzi zinazokimbia kuelekea ukingoni, halafu zinapinda kwenda juu. Baada ya hapo ni kuondoa chokaa kwa asidi hafifu, polepole, ukiharakisha mapovu yanachana kila kitu, afu unakata vipande vyembamba unatia rangi unaangalia seli za nyuzi jirani zinaunganaje. Kwa Lithophyllum na familia yake seli jirani zinaunganishwa na vijitundu vidogo tu, kwa wengi waliobaki kuta zinayeyuka na seli mbili zinakuwa kitu kimoja. Na seli za juu kabisa, zile za paa la ukoko, za Lithothamnion zinapanuka juu zinatoa pembe, za Phymatolithon ni za mviringo. Hapo umeshafika jenasi bila kubahatisha, na ukiniuliza mi naona kwa mtu asiye na maabara ya jeni hapo ni pazuri sana kusimama.

Kuhusu kuchukua sampuli nina maneno kidogo. Patasi nyembamba, miwani ya kukinga macho (vumbi la jiwe halina rafiki), na kipande kidogo chenye ukingo, kipande cha katikati kisicho na ukingo ni nusu ya habari. Piga picha kabla hujagonga, na kipimo pembeni, andika ulikuwa kivulini au juani, kina gani, juu ya jiwe au gamba au mwani mwingine. Gawanya, nusu ikae kwenye silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, kwa ajili ya jeni na nusu kwa ajili ya hadubini, namba iwe ile ile. Na usijaze mfuko. Hivi vitu vinakua polepole mno, kuna Clathromorphum ya bahari za kaskazini ambayo matabaka yake yamesomwa yakatoa rekodi ya zaidi ya miaka 600, wanaitumia kujua barafu ya bahari ilikuwaje zamani. Unagonga mara moja umeondoa kitu kilichokuwepo kabla ya babu wa babu yako.

Halafu kuna jeni, na hapa wengi wanadhani ndo mwisho wa mabishano. Unasoma kipande cha jeni kama psbA au rbcL, unalinganisha, unapata jina. Sawa, ila jina ulilopata limetoka kwa nani? Sampuli nyingi kwenye hazina za DNA ziliwekwa jina na mtu aliyeangalia umbo kama mimi na wewe. Jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja cha kwanza, kipo kabatini kwenye makumbusho fulani, na usipolinganisha na hicho hujalinganisha na kitu. Cha kushukuru ni kwamba siku hizi wanaweza kutoa DNA hata kwenye vielelezo vya karne ya 19. Mnorwei Mikael Foslie, aliyefariki mwaka 1909, alitaja mamia ya spishi na aina za hawa wa chokaa na makusanyo yake yapo Trondheim, watu bado wanachokonoa vipande vidogo vidogo humo kujua alikuwa anamaanisha nini. Na majibu yanayorudi yanavuruga, Porolithon onkodes, mwani wa chokaa ambao kila mtu aliuandika kwenye kingo za matumbawe za bahari za joto, umeonekana ni spishi nyingi zilizokuwa zinatumia jina moja, na huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia. Ukikumbuka kwamba mpaka mwaka 1837, mwanasayansi Mjerumani Philippi alipoonyesha kuwa hizi ni mimea, wasomi wengi walikuwa wanaziweka kwa wanyama, unaona ni kundi ambalo halijawahi kumheshimu mtu mwenye haraka.

Ndo maana kwenye fomu za kupima mwamba, zile za fremu ya mraba unahesabu nini kimefunika asilimia ngapi, mi nagombana na safu moja inayoandikwa "ukoko mwekundu". Unachanganya vitu vyenye kazi tofauti. Kuna mwani wa chokaa ambao mabuu ya matumbawe yanautafuta yatue juu yake, na kuna Ramicrusta, jamaa wa Peyssonnelia, ambayo huko Karibi inapanda juu ya matumbawe hai na kuyafunika, na kwenye picha ya haraka haraka zote ni wekundu tu. Ukijumlisha hizo mbili namba ikipanda huwezi kujua ufurahie au uogope. Haihitaji jina la spishi, safu tatu zinatosha, wa chokaa mgumu, wa kundi la Peyssonnelia unaonyanyuka ukingoni, na ule laini usio na chokaa, na ya nne ya "sijaweza kutambua" ambayo watu wanaiona ya aibu wanaacha wazi. Jazeni hiyo. Kwenye fomu zangu mara nyingi ndo inaongoza.